Essieu Iliyobarikiwa Kupita Kiasi

Mama Mathilde, mjane wa Isidore, alikuwa mtu wa kuangalia. Mtaa wake wote pale Kikula ulijua. Kabla hajalala alitikisa mlango mara tatu, kabla hajanunua unga aliunusa, na kanisani alikaa benchi ya nyuma kabisa ili aone nani amechelewa, apate kumuombea. Mtu wa namna hiyo, utasema, gari haliwezi kumharibikia mikononi. Na kweli halikumharibikia. Aliliharibu mwenyewe, kwa bidii, kila Jumamosi, kwa muda wa miaka minne, huku akiimba.

Gari lenyewe lilikuwa minivan ya viti saba ambayo Isidore aliinunua siku alipoacha kazi ya kiwandani. Lilitoka Ulaya, likiwa limezeeka tayari, milango ya pembeni ikivutwa kama ya kabati. Isidore alisema ni gari la familia. Bahati mbaya, familia ilikuwa imekwisha kutawanyika, mmoja Kolwezi, wawili Lubumbashi, na Isidore naye akafuata njia ya wote mwaka uliofuata. Basi gari likawa la parokia. Lilibeba wazazi kwenda kujifungua, lilibeba jeneza mara mbili, lilibeba magunia ya unga ya wamama. Dereva wake alikuwa Gracien, mdogo wa marehemu, fundi umeme ambaye siku zake za mapumziko hazikuwa mapumziko tena tangu shemeji yake alipobaki na funguo.

Sasa, habari ya kila Jumamosi ilianza hivi. Mwaka ule wa msiba, padri alibariki chumvi baada ya misa, akawaambia wamama: mchukue kipunje, mtie katika maji, mnyunyize nyumbani kwa sala na imani. Kipunje, alisema. Wamama wengine walisikia kipunje. Mama Mathilde alisikia vizuri pia, masikio yake yalikuwa mazima, lakini alirudi nyumbani akiwaza. Kama kipunje kinalinda nyumba iliyosimama, gari linalokimbia litahitaji kiasi gani? Akafika kwenye kilo. Kilo moja, ndoo moja, kila Jumamosi.

Tena hakunyunyiza juu ya boneti kama watu wavivu. Boneti kila mtu anaiona, alisema. Hatari inaingia kule mtu hatazami. Akatandika gunia, akalala chali chini ya gari, kwa umri wake na magoti yake, akiwa na kopo na kipande cha mpira wa maji. Na huko chini, upande wa nyuma, akakuta kitu kilichomfurahisha hadi machozi. Kulikuwa na chuma kirefu, kinatoka gurudumu hili kwenda lile, kimekunjwa kama mfereji, na ukimimina maji ndani yake hayamwagiki yote. Yanakaa. Kama kile kibakuli cha maji ya baraka mlangoni mwa kanisa. "Wazungu hawa," akasema moyoni, "wanaonekana hawasali, lakini angalia walivyofikiria." Akakijaza kibakuli chake mpaka pomoni. Miaka minne.

Wiki ile watoto wanane wa kwaya walikuwa wamealikwa kwenda kuimba Mulungwishi, kwa ndugu Wametodisti, siku ya Jumapili. Lilikuwa jambo kubwa. Wamama walikuwa wameshona nguo za rangi moja, na Mama Mathilde alikuwa ametangaza, bila kuombwa, kwamba watoto watakwenda na gari lake, hata kwa kubanana. Kumbe tangu mwanzo wa mwezi gari lilikuwa likitoa sauti huko nyuma. Kwaa, kila likipita shimo. Mama Mathilde aliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, akaitafakari, akaona ni adui anajaribu safari ya watoto. Akaongeza kilo ya pili.

Siku ya Alhamisi Gracien alirudi na gari toka sokoni akashuka.

"Yaya," akasema, kama alivyozoea kumwita shemeji yake, "hii gari, mbele inaenda sokoni, nyuma inataka kwenda kwao. Sitabeba batoto ba bantu nayo. Twende kwa Radjabu."

Radjabu alikuwa fundi, Mwislamu wa asili ya Maniema, ambaye kofia yake nyeupe haikuwahi kupata hata doa la mafuta, jambo ambalo kwa fundi wa magari ni la kustaajabisha. Alinyanyua gari kwa kriki, akaweka magogo, akavua kofia, akaingia chini. Kwa muda mrefu zilionekana ndala zake tu. Kisha ukatoka mkono, kidole kimoja kikiwa na unga mweupe uliochanganyika na wekundu. Mkono ukarudi ndani. Halafu Radjabu mzima akatoka, akitema mate.

"Mama," akasema, "hii gari yako ilikuwa inaogelea mu bahari?"

"Bahari gani? Minye mwenyewe sijaona bahari hata siku moja."

"Sasa hii chumvi inatoka wapi? Nimeonja. Ni chumvi kabisa, inakosa tu tomate na kitunguu."

Mama Mathilde alisikia joto likipanda kutoka miguuni, likapita tumboni bila kusimama, likafika masikioni. Alielewa yote kwa mara moja. Alikuwa mtu wa kuangalia, nilisema.

Radjabu akawaita wainame. "Muone. Hii njo essieu ya nyuma. Njo inashika magurudumu yote mbili. Bale batengenezaji baliikunja kama mufereji, sasa kila kintu kinaingia, hakuna kinatoka. Matope, maji, na hii chumvi. Chuma inakulika polepole toka ndani, weye uko unaona inje muzuri tu. Siku moja inakatika. Nyuma inakaa chini, kila gurudumu inashika njia yake, na weye unamaliza safari na tumbo."

"Mu ile barabara ya malori," akasema Gracien.

"Mu ile barabara ya malori," akakubali Radjabu.

Mama Mathilde alikitazama kibakuli chake cha maji ya baraka. Kilikuwa kimechanika pembeni, ufa mrefu, na kingo zake zilikuwa zimevimba na kubanduka kama andazi la jana.

Hapo Gracien akapiga paja. "Ah! Ni Ulaya! Yaya, hii gari ilitoka Ulaya. Kule baridi ikishuka, banamwanga chumvi mu barabara na malori mazima, juu motokari zisiteleze. Njo hiyo!"

Radjabu akamgeukia Mama Mathilde kwa heshima. "Ni kweli, mama? Ilitoka Ulaya?"

"Ilitoka Ulaya," akajibu.

Na maneno hayo yalikuwa ya kweli yote mawili, ndiyo maana yalitoka laini namna ile, kama mtu anayejibu katekisimu.

Radjabu akafuta mikono. "Basi ni muzuri. Kama ni chumvi ya Ulaya, ni ya zamani. Ilikula ile ilikula, ikachoka. Nitakata hapa pabaya, nachomelea plaque ya chuma ya nguvu, Jumapili mutaenda na mutarudi. Kama ingekuwa chumvi ya sasa, yenye kuingia kila siku, singeigusa hata kidogo. Kutu ingekuwa imeingia mpaka mu makunjo, plaque ingeshika unga. Shimo ya kwanza, kwisha."

"Lakini ni ya Ulaya," akasema Gracien.

"Ni ya Ulaya," akasema Radjabu.

Wakamtazama wote wawili. Mama Mathilde akakaza kitenge chake. Alitaka kusema. Mbele ya Mungu, alitaka. Mdomo ulifunguka, hewa ikaingia, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Mupake na rangi nyeusi, ikuwe muzuri."

Ijumaa alishinda akijitetea, na hakuna mtu aliyemshitaki. Hakusema uongo, alijiambia akichagua mchele. Aliulizwa gari limetoka wapi, akajibu. Hakuna aliyemuuliza, "Mama Mathilde, je, unalala chini ya gari na ndoo?" Kama wangemuuliza angesema. Akajaribu kuhesabu kilo za miaka minne, akafika kwenye mia moja akaacha, kwa sababu aliona picha ya magunia yamepangwa uani, yeye amekaa juu yake. Angewaambiaje? Yeye ambaye kila mwezi aliwafundisha wamama kuangalia! Yeye aliyemwambia Mama Carmen wa kwaya mbele ya watu kwamba jiko lake litawaka moto siku moja kwa uzembe!

Akachukua rozari. Akaamua kwamba ataungama, ndiyo, ataungama Jumatatu, watoto wakiwa wamekwisha kurudi salama. Alipoona wazo hilo ni zuri mno, akalitilia shaka. Alilitazama tena kama alivyotazama kila kitu, na neno "salama" likawa linayumba huko nyuma. Kwaa. Kwaa. Akaweka rozari chini, akaenda kufagia ua ambao ulikuwa umefagiliwa.

Jumamosi asubuhi Gracien akalileta gari. Kipande kipya cha chuma kilikuwa kimechomelewa chini, kimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na gari lilisimama wima kama mtoto aliyenyolewa. Kwaa haikusikika tena. "Unaona, yaya?" akasema Gracien, akipiga mlango kofi la furaha. Mama Mathilde aliona. Akaanza hata kufikiri kwamba labda chumvi iliyobarikiwa haina tabia ya chumvi nyingine, labda inajua ikile chuma cha nani na iache cha nani. Alikuwa bado kwenye fikra hiyo, akiipenda, wakati Mama Carmen alipoingia.

Mama Carmen alikuwa mkubwa wa wamama wa kwaya, mwanamke mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake. Mkono mmoja alishika orodha ya watoto, mwingine alishika mjukuu wake wa kike, Plamedi, miaka saba. Kichwani alikuwa na beseni, na ndani ya beseni, pakiti za chumvi.

"Ma' Mathilde! Tumekusanya na wamama, kila muntu pakiti yake, padri amebariki asubuhi. Leo ni ya batoto wetu, tusifanye buchoyo. Weye njo unajua kumwanga. Sisi tunamwanga juu juu tu."

"Weka chini," akasema Mama Mathilde kwa sauti ndogo.

"Na huyu wangu, nimeshapanga. Plamedi atakaa nyuma kabisa, kiti ya mwisho. Pale weye mwenyewe unasemaka njo unamwangaka sana. Pale pako baraka mingi."

Plamedi, bila kungoja, akavuta mlango, akapanda, akapita viti vyote mpaka cha mwisho, akakaa, miguu ikining'inia. Chini ya miguu hiyo kulikuwa na sakafu ya gari, na chini ya sakafu kile kibakuli.

Mama Mathilde alimtazama mtoto yule kwa muda wa sala moja fupi. Akatazama pakiti za chumvi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuizoea kwa sababu haikuwa ya kufundisha mtu:

"Plamedi, mwanangu, shuka."

"Juu ya nini ashuke?" akauliza Mama Carmen.

"Carmen, pale hapana baraka mingi. Pale ni shimo. Minye njo nililichimba."

Ikabidi aeleze. Alieleza kwa mpangilio, kwa vile alikuwa mtu wa mpangilio hata katika aibu: gunia, kopo, mpira wa maji, kibakuli, kilo. Gracien alikuwa ameegemea gari. Aliposikia, aliondoa mgongo wake taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba ameegemea jirani.

"Kilo?" akasema Mama Carmen.

"Kilo."

"Kila samedi?"

"Kila samedi. Hizi za mwisho, mbili."

"Kilo mbili! Ma' Mathilde, hata samaki ya makayabo haipati chumvi vile!"

Na kicheko kikaja. Mama Carmen alicheka mpaka akakosa mahali pa kujishika, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapangusa macho kwa orodha ya watoto. "Weye! Weye mwenye kuniambia jiko yangu! Ulikuwa unakausha motokari kama nyama!" Gracien naye alijaribu kujizuia kwa heshima ya marehemu kaka yake, akashindwa. Mama Mathilde alisimama pale akipokea. Ajabu ni kwamba kicheko hakikumuua. Kiliuma kidogo kuliko alivyodhani Ijumaa nzima.

Kilichomuuma kilifuata. Mama Carmen aliacha kucheka ghafla, akamvuta Plamedi kwenye magoti yake.

"Ulijua toka Alhamisi."

"Nilijua."

"Na leo ni samedi."

Hakukuwa na neno la kweli linalotoka laini.

"Naenda kumwita Radjabu," akasema mwishowe. "Gracien, usiliwashe."

Alikwenda kwa miguu, mwenyewe, ingawa Gracien alikuwa na miguu mizuri zaidi. Uani kwa Radjabu kulikuwa na madereva watatu wakingoja, na aliona kwamba angeweza kumwita pembeni. Aliona pia kwamba "pembeni" ilikuwa ndugu ya "Jumatatu." Basi akasema mbele yao wote.

Radjabu alimsikiliza akiwa na ufunguo wa magurudumu mkononi. "Mama. Minye nilikuuliza bahari."

"Uliniuliza."

"Na ile chumvi nilionja."

"Ulionja."

Radjabu akafikiri kidogo, uso ukabadilika. "Ngoja kwanza. Ile ilikuwa chumvi ya padri?"

"Kidogo tu, baba. Kwenye ncha ya kidole."

Madereva walianguka wao kwa wao. Radjabu akavaa kofia yake, akachukua nyundo. "Mungu anajua sikujua," akasema. "Twende."

Alifika, akaweka magogo, akalala chini. Akawaambia wote wasogee. Alipiga kile kipande kipya: kikalia ngaa, kama kengele. Akasogea kiganja kimoja pembeni, akapiga tena. Haikulia kitu. Ilikuwa sauti ya mtu anayepiga mkate. Pigo la pili, nyundo ikaingia, ikabaki humo, na kutu ikamwagika kifuani kwake kama unga wa pilipili. Kitu kikapasuka taratibu, upande hadi upande, na nyuma ya gari la Isidore ikakaa juu ya magogo kwa mguno mmoja, kama mzee anayekubali kiti.

Radjabu alitoka akajipangusa. "Plaque yangu ni muzuri," akasema kwa huzuni. "Iko peke yake tu."

Hakuna aliyecheka. Gracien alichuchumaa, akatazama mahali chuma kilipokatika, akasimama tena. Mama Carmen alimfunika Plamedi macho, kisha akamfunua. Pengine alifikiri afadhali aone.

"Pigo mbili," akasema Mama Carmen. "Nyundo ya pigo mbili."

"Shimo za Mulungwishi ni mingi kupita," akasema Radjabu.

Mama Carmen akamkaribia Mama Mathilde. Walisimama karibu sana, kama wanawake wanaotaka kupigana au kukumbatiana, na hata wao hawakujua ni lipi.

"Ulichelewa kusema," akasema Mama Carmen.

"Nilichelewa."

"Lakini ulisema. Mutoto alikuwa amekwisha kukaa, ukamushusha. Hiyo nitaisimulia pia. Juu nitasimulia yote, uelewe. Parokia yote itasikia."

"Simulia," akasema Mama Mathilde. "Lakini usiongeze. Ni kilo moja. Mbili ni za mwisho tu."

Mama Carmen akafumba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika upya, akaondoka haraka kwenda kutafuta gari lingine, beseni la chumvi likibaki uani. Baadaye wamama wa kwaya walikuja kugawana chumvi hiyo, kila mmoja kwa kadiri ya mapishi yake.

Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, taksi-basi ya Hakim ilisimama mbele ya parokia. Hakim alikuwa mmoja wa wale madereva watatu, na alikubali kwa sharti moja, kwamba yule mama asiguse gari. Watoto wanane walikuwa wamevaa nguo zao za rangi moja, shingo zimepakwa poda. Mama Carmen aliwapanga, kisha akamwonyesha Mama Mathilde kiti cha mbele. "Hapa, karibu na dereva. Mikono juu ya magoti, tuione."

Kabla ya kuondoka walihitaji sala, na sala za safari zilikuwa zake tangu zamani. Wote walimtazama. Hakim alimtazama zaidi, mkono wake ukiwa umeshika mlango.

Mama Mathilde akafunga macho. Ilikuwa sala kavu, bila tone. Alimwomba Mungu awalinde watoto, amlinde dereva, na amsamehe mtu fulani ambaye alidhani ulinzi wa Mungu unapimwa kwa mizani ya sokoni. Hakutaja jina. Watoto waliitika "Amina" kwa nguvu kiasi kwamba ilionekana jina limejulikana.

Akafungua macho, lakini hakupanda. Akainama kidogo, akatazama chini ya gari kwa mbali, mikono mgongoni.

"Hakim, mwanangu. Chini huku, nani aliangalia?"

"Radjabu aliangalia, mama. Jana."

"Alipiga nyundo?"

"Alipiga."

"Kati tu, ao na kwenye makunjo?"

"Kwenye makunjo, mama."

"Uliisikia kwa masikio yako, ao alikuambia?"

"Mama Mathilde," akasema Hakim, akivuta mlango, "panda, Wametodisti banatungoja."

Akapanda.